Kuinua Gari la Porini: Kuchagua Springi na Shokapu kwa Barabara za Tarime na Serengeti

Kuinua gari ni kubadili springi, shokapu na baadhi ya viungio vyake ili bodi na chasisi vikae juu kuliko vilivyotoka kiwandani. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kazi hii hufanyika zaidi kwenye Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile zilizozoeleka kwa jina la mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele. Hufanyika pia kwenye Prado, Hilux na Land Rover Defender. Mnunuzi wa seti ya kuinulia gari kwa kawaida huuliza kwanza inchi: mbili, tatu au nne? Swali linalopaswa kutangulia ni la kilo, kwa kuwa urefu wa gari barabarani huamuliwa na uzito ambao springi zake zimebeba.

Barabara za eneo lenyewe

Barabara kuu ya lami kutoka Mwanza hupita Tarime mjini na kuishia mpakani Sirari. Ukiiacha kuelekea Nyamwaga na Nyamongo, au ukiwa kwenye njia za vijiji vinavyouzunguka mji wa Mugumu, hali hubadilika kila baada ya kilomita chache. Vilima vya Tarime vina mawe na makorongo yaliyochimbwa na mvua. Kwenye mabonde kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao kiangazi hupasuka na kuwa mgumu, na masika hugeuka utelezi unaojaza meno ya tairi ndani ya dakika chache. Magari mazito huacha mifereji miwili mirefu na tuta katikati, na tuta hilo ndilo linalokwaruza matumbo ya magari mafupi.

Kuanzia lango la Fort Ikoma kuingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, tatizo kubwa huwa jingine. Ndani ya hifadhi mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, na ni marufuku kuacha barabara kufuata wanyama. Kwa hiyo gari la watalii halihitaji kupanda miamba. Linachohitaji ni kuvumilia barabara za changarawe zenye vituta vidogo vilivyopangana kama migongo ya bati, saa baada ya saa, likiwa limejaa watu. Hali huwa mbaya zaidi kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wanapokuwa upande wa Kogatende na Lamai na magari yanapomiminika Mto Mara kutazama wakivuka. Ardhi huwa kavu, na kila gari linalopita huongeza kina cha vituta.

Kinachopanda na kisichopanda

Magari mengi ya kazi ya eneo hili yana ekseli nzima, yaani bomba moja la chuma linalounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, likiwa na difu ndani yake. Springi ndefu zikifungwa kwenye gari la namna hiyo, chasisi, tangi la mafuta, ngazi na bampa hupanda. Ekseli na difu hubaki palepale, kwa sababu vimeshikamana na magurudumu. Jiwe lililokuwa likigonga difu jana litaigonga na kesho.

Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo. Tairi ya 265/75R16 ina kipenyo cha milimita 804 hivi, na ya 285/75R16 ina milimita 834 hivi. Tofauti ni milimita 30, hivyo difu hupanda milimita 15. Faida hiyo ina gharama zake: spidomita itaonyesha mwendo mdogo kuliko halisi kwa karibu asilimia 4, injini na breki zitafanya kazi zaidi, na tairi inaweza kugusa bodi usukani unapokatwa hadi mwisho. Mara nyingi springi ndefu huhitajika ili tu kuipa tairi kubwa nafasi ya kuzunguka.

Hata hivyo, kuinua chasisi kuna manufaa yake. Pua ya gari huweza kupanda ukingo wa korongo bila kugonga bampa, mkia hutoka mtoni bila kukwama, na tuta la katikati hupita chini ya chasisi. Manufaa makubwa zaidi ni kwamba springi hupata nafasi ya kushuka kabla ya ekseli kufika kwenye raba ya kuzuia. Nafasi hiyo ndiyo inayozuia kishindo kinachovunja mabano ya shokapu na kupasua chasisi.

Njia za mkato zipo na zinajulikana: vipande vya chuma kati ya bodi na chasisi, bloku kati ya ekseli na springi, au shakeli ndefu. Hizi huongeza urefu bila kuongeza uwezo wa kubeba. Springi iliyochoka hubaki imechoka, ila sasa iko juu zaidi.

Hesabu ya mzigo

Springi hutengenezwa kwa kiwango fulani cha ugumu. Tuseme springi ya nyuma hubonyea milimita moja kwa kila kilo 3. Mwenye gari akifunga vitu vya kudumu vinavyoongeza kilo 150 juu ya kila springi ya nyuma, gari litashuka milimita 50. Huo ndio urefu wote ambao seti ya inchi mbili huahidi. Ndiyo maana magari mengi yaliyoinuliwa yakiwa matupu hurudi chini siku ya safari.

Land Cruiser ya watalii hufika kilo hizo upesi. Karakana za Arusha hurefusha chasisi, huongeza viti na kuweka paa linaloinuka, kazi zinazoongeza chuma na vioo. Dereva na abiria sita, kila mmoja akikadiriwa kilo 75, ni kilo 525. Matangi mawili ya lita 90, kama yalivyo kwenye Land Cruiser ndefu ya modeli ya 78, yakijaa dizeli huwa na kilo 150 hivi. Bado hayajahesabiwa mabegi, friji, maji ya kunywa, jeki, vyuma vya kujinasulia na tairi mbili za akiba.

Kwa sababu hiyo watengenezaji hugawa springi za nyuma kwa madaraja: za gari lisilo na mzigo wa kudumu, za mzigo wa wastani wa kudumu, na za mzigo mzito wa kudumu. Neno la kuzingatia ni kudumu. Gari linalobeba abiria sita kila siku kuanzia asubuhi hadi jioni linastahili springi nzito. Gari la mkaguzi wa shule anayetembea na dereva wake na kasha moja la vitabu halizistahili. Springi nzito zikikosa mzigo hazibonyei. Gari huruka kwenye vituta, tairi hupoteza mshiko kwenye kona, na makalio hukaa juu kuliko pua. Kwa gari la wagonjwa suala hili ni zito zaidi, kwani kila mruko humfikia aliyelazwa nyuma.

Njia ya uhakika ni kupima. Gari hupelekwa kwenye mizani likiwa na mzigo wake wa kawaida, ekseli ya mbele ikipimwa peke yake na ya nyuma peke yake. Ukomo wa uzito uliowekwa na mtengenezaji hubaki uleule hata springi zikibadilishwa, kwani springi nzito haziongezi nguvu ya breki, ya bearingi wala ya chasisi.

Mbele nako kuna hesabu yake. Bampa la chuma na winchi vinaweza kuongeza zaidi ya kilo 100 mbele ya ekseli. Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70 zilizotoka kabla ya 1999 zina springi za bapa mbele na nyuma. Mabadiliko ya mwaka huo yalileta koili springi mbele, huku nyuma zikibaki za bapa. Anayenunua seti lazima ajue gari lake ni la kundi lipi, asije akaletewa spea zisizoingia.

Shokapu

Springi hubeba gari. Shokapu huzuia springi kuendelea kuchezacheza. Ndani yake pistoni husukuma mafuta kupitia matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Kwenye vituta vya mfululizo pistoni hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde. Mafuta huchemka na kuwa mepesi, mapovu hujitokeza, na shokapu huacha kuzuia chochote hadi ipoe. Dereva huhisi gari likielea na mkia ukihama kwenye kona.

Aina tatu hupatikana zaidi. Ya kwanza ni ya mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, yenye gesi ya naitrojeni ya shinikizo dogo. Bei yake ni nafuu, na jiwe likibonyeza mrija wa nje pistoni huendelea kufanya kazi. Ya pili ni ya mrija mmoja, ambayo hutenganisha gesi na mafuta na kupoa upesi, lakini pistoni husugua ukuta uleule unaopigwa na mawe, hivyo bonyeo moja linaweza kuiua. Ya tatu ni ya mirija miwili minene yenye sponji maalumu mahali pa gesi ili kuzuia mapovu. Hubeba mafuta mengi, hivyo huchelewa kupata moto. Kwa magari ya Serengeti, unene wa shokapu na wingi wa mafuta yake ni muhimu kuliko rangi ya boksi.

Shokapu lazima ilingane na springi kwa ugumu na kwa urefu. Ikiwa fupi, itavutwa hadi mwisho kila gurudumu linaposhuka shimoni na itang'oa mabano. Ikiwa ndefu mno, itabanwa hadi mwisho kabla ekseli haijafika kwenye raba. Kununua springi mpya na kuacha shokapu za zamani ni kubakiza nusu ya tatizo.

Inchi ngapi

Kwa barabara za Tarime na Serengeti, ongezeko la milimita 40 hadi 50, likipimwa gari likiwa na mzigo, hutosha kwa kazi karibu zote. Zaidi ya hapo, kila sentimita hudai marekebisho mengine.

La kwanza ni uthabiti. Chukua gari ambalo umbali kati ya magurudumu ya kushoto na kulia ni mita 1.45, na kitovu cha uzito kipo sentimita 80 kutoka ardhini. Kitovu hicho kikipanda sentimita 5, uwezo wa gari kuhimili kona bila kupinduka hupungua kwa asilimia 6 hivi. Mizigo juu ya keria huupunguza zaidi.

La pili ni usukani. Kwenye ekseli nzima yenye koili, gari likipanda, ekseli huzunguka kidogo na magurudumu hupoteza mlalo unaoyarudisha kwenye mstari ulionyooka. Gari huanza kutangatanga barabarani. Dawa yake ni bushi maalumu zinazorudisha mlalo huo. Fimbo inayozuia ekseli isihame kando nayo huisogeza upande mmoja, na ikibidi hubadilishwa kwa inayorekebishika.

La tatu ni magari yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kama Prado na Hilux za miaka ya karibuni. Hapa kuinua huongeza pembe ya shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele. Pembe hiyo ikipita kiasi, raba za shafti huchanika, vumbi huingia na viungo hulia kwenye kona. Milimita 50 ni ukomo wa busara, na alaimenti ni lazima mara baada ya kazi.

La nne ni breki. Mipira ya breki isipofika, hukatika siku gurudumu litakaponing'inia. Land Cruiser na Hilux nyingi zina vali inayopima mzigo kwa kufuata umbali kati ya chasisi na ekseli ya nyuma. Gari likiinuliwa, vali hudhani halina mzigo na kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Mkono wa vali hiyo lazima urekebishwe. La tano ni propela: pembe yake ikizidi, krosi huchakaa na gari hutetemeka.

Kufunga na kukagua

Kabla ya kufungua boliti, fundi hupima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi, gari likiwa mahali tambarare, kisha huandika vipimo vinne. Bila hivyo hakuna atakayejua gari limepanda kiasi gani. Bushi na boliti za U hubadilishwa pamoja na springi, kwani boliti ya U iliyokwisha kuvutika haiaminiki tena. Boliti zinazopita kwenye bushi za raba hukazwa mwisho, gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, raba hukaa imejisokota siku zote na hupasuka mapema.

Upatikanaji wa spea nao ni kigezo. Seti ambayo bushi zake hazipatikani Musoma, Mwanza wala Arusha italilaza gari gereji katikati ya msimu. Kampuni ya bima ijulishwe kuhusu mabadiliko, ili pasiwe na ubishi wakati wa kudai fidia.

Baada ya kilomita 500 za mwanzo boliti zote hukazwa upya na vipimo vinne hurudiwa, maana springi mpya hushuka kidogo zinapozoea mzigo. Kuanzia hapo, kila gari linaporudi kutoka safari, ukaguzi ni wa vitu vichache: mafuta yanayovuja kwenye shokapu, bapa lililopasuka, boliti iliyolegea, na nyufa kwenye mabano. Tairi ikilika upande mmoja au kwa mabaka, alaimenti au shokapu zina hitilafu, na hiyo hurekebishwa kabla ya kununua tairi nyingine.