Picha Safi, Sikio Zito

Mtu anayepoteza usikivu wa sikio moja polepole, huku la pili likiwa zima, mara nyingi huchelewa kujitambua. Hupokea simu kwa sikio zima, kikaoni hukaa upande unaomfaa, na kwa mlio usiokoma husingizia nta au uchovu. Kwa walio wengi chanzo ni kelele, umri au maradhi ya sikio lenyewe. Kwa wachache ni uvimbe kwenye neva ya nane ya kichwa, ile inayopeleka ubongoni sauti na habari za mizani ya mwili. Uvimbe huu si saratani. Huanzia kwenye seli za Schwann zinazoifunika neva, na kwa kawaida hukua milimita moja au mbili kwa mwaka. Mwingine hukaa miaka bila kuongezeka. Ajabu ni kwamba baadhi ya walionao walishapigwa picha ya kichwa wakaambiwa wako salama. Hapo lawama humwangukia aliyeisoma picha, au mashine. Mimi naona lawama hiyo mara nyingi hutua pasipo pake. Kosa huwa limeshafanyika kabla mgonjwa hajalala kwenye mashine, pale kipimo kinapochaguliwa na fomu ya kukiombea inapojazwa.

Tuangalie mahali penyewe. Neva hiyo hupita kwenye mfereji uliomo ndani ya mfupa mgumu kupita yote ya fuvu, wenye urefu wa kama sentimita moja na upana wa milimita nne au tano. CT-Scan, iliyotumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, hufanya kazi kwa eksirei, na eksirei zikipenya mfupa mzito kiasi hicho huacha michirizi na vivuli kwenye picha, hasa sehemu ya chini nyuma ya ubongo. Isitoshe, bila dawa ya kung'arisha, uvimbe huwa na ukijivu uleule wa ubongo ulio jirani nao. Mkubwa utaonekana, au utajulikana kwa jinsi ulivyoupanua mfereji. Ulio sawa na punje ya choroko unaweza kupita bila kushukiwa. CT-Scan safi humhakikishia daktari kwamba hakuna damu iliyovuja wala uvimbe mkubwa, na hizo ni habari njema kweli. Kuhusu mfereji ule, haijasema kitu.

MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, na mfupa hauisumbui. Wengi, wakiwemo baadhi ya watabibu, hudhani mjadala umeishia hapo. Haujaisha. MRI ya kawaida ya ubongo huchukuliwa kwa vipande vyenye unene wa milimita kama tano, na kati ya kipande na kipande huachwa pengo dogo. Uvimbe wa milimita tatu unaweza kuangukia kwenye pengo, au ukafifia ndani ya kipande kimoja pamoja na maji yanayouzunguka. Kipimo cha mfereji wa sikio la ndani ni kingine, ingawa mashine inaweza kuwa ileile. Vipande vyake huwa vya milimita moja au pungufu na hulenga neva zenyewe, hata zikahesabika moja moja. Ikibidi huchomwa dawa yenye madini ya gadoliniamu, na uvimbe hung'aa. Kwa njia hizi uvimbe wa milimita mbili au tatu huonekana.

Jicho la msomaji wa picha nalo hufuata swali aliloulizwa. Mwaka 2013 Trafton Drew na wenzake huko Boston, Marekani, walichapisha jaribio ambamo wataalamu 24 wa radiolojia walipewa picha za mapafu watafute vivimbe vidogo. Ndani ya picha walikuwa wamepachika gorila, mkubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Wataalamu 20 hawakumwona, na wengi wao macho yao yalipita palepale alipo. Wapo wanaolisimulia jaribio hili kuwacheka madaktari. Mimi naona walifanya walichotumwa. Basi fomu iliyoandikwa "kizunguzungu" peke yake hulipeleka jicho kwingine, na ile iliyoandikwa "sikio la kushoto linapoteza usikivu, lina mlio" hulipeleka kwenye mfereji.

Itasemwa kwamba MRI ni ghali, na kwamba katika Afrika Mashariki mashine nyingi ziko kwenye miji mikubwa. Ni kweli, tena hata miongoni mwa wenye masikio yanayopishana usikivu, wanaokutwa na uvimbe ni wachache tu katika kila mia. Ila hoja hiyo inatetea kuchuja wagonjwa vizuri. Haitetei kuwapiga picha isiyoweza kujibu. Chujio lipo, na bei yake ni nafuu: kipimo cha usikivu, kinachohitaji vipokea sauti, chumba kimya na mtu aliyefunzwa. Nchini Uingereza mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, unataka MRI ifikiriwe pale masikio mawili yanapopishana kwa desibeli 15 au zaidi katika masafa mawili yanayofuatana. Na picha za vipande vyembamba zinaweza kuchukuliwa bila dawa, kwa dakika chache. Fedha ya kipimo kimoja ikipatikana, itumike kwenye kinacholenga.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama uvimbe hukua taratibu hivyo, kuna faida gani kuuwinda? Denmark imeandikisha wagonjwa wa uvimbe huu tangu 1976, na tangu hapo wanaogunduliwa kwa mwaka wameongezeka mara kadhaa huku uvimbe wenyewe ukikutwa ungali mdogo. Bila shaka baadhi yao wasingedhurika nao kamwe. Lakini neva ya uso hupita kwenye mfereji huohuo, na kadiri uvimbe unavyokuwa mkubwa ndivyo upasuaji unavyozidi kuihatarisha. Ukiachwa ukue sana, hukandamiza shina la ubongo na kuzuia maji ya ubongo yasipite. Kwa mwenye uvimbe mdogo, kusubiri ni tiba halali, lakini kusubiri huko ni kazi: picha ya kwanza, nyingine baada ya miezi sita au mwaka, kisha kulinganisha. Aliyeambiwa kichwa chake ni salama hana picha ya kulinganisha, wala hakuna aliyempa tarehe ya kurudi.