Nani Anampima Jodari wa Bahari Yetu?

Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa katika maji ya Tanzania kwa tuhuma za kuvua bila leseni, ikiwa na tani zinazokaribia 300 za samaki, wengi wao jodari. Waziri wa uvuvi wakati huo alikuwa John Magufuli, na shehena ile ilipogawiwa, mitaani wakaiita "samaki wa Magufuli". Furaha haikufika mbali. Nahodha na mwenzake walitiwa hatiani mwaka 2012, lakini 2014 Mahakama ya Rufani ikabatilisha mwenendo mzima wa kesi kwa kasoro za kisheria.

Kesi ile ilionyesha kuwa kuikamata meli ni jambo moja, na kushinda kesi mahakamani ni jingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa nchi ya pwani maili 12 za bahari ya kitaifa, kisha ukanda wa kiuchumi unaofika maili 200, yaani kama kilomita 370 kutoka ufukweni. Katika ukanda huo samaki ni mali ya nchi, lakini njia ni ya wote. Meli ya kigeni inaweza kupita ikiwa imejaa jodari waliovuliwa kwingine na isiwe na kosa lolote. Kwa hiyo swali la hakimu si samaki wangapi wamo ndani ya meli, bali ni wapi nyavu zilishuka.

Ndiyo maana leseni ya uvuvi wa bahari kuu huja na masharti: chombo cha kuonyesha mwendo wa meli kwa setilaiti, kitabu cha kumbukumbu za mavuno na mwangalizi anayesafiri na mabaharia. Hapa Tanzania kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao yake Zanzibar. Katika masharti hayo matatu, namthamini zaidi mwangalizi. Setilaiti huonyesha meli ilipopita, lakini haioni papa aliyekatwa mapezi kisha mwili wake ukatupwa majini. Hata hivyo, kanuni ya mwaka 2011 ya Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi ilitaka waangalizi wafuatilie angalau asilimia 5 tu ya shughuli za meli kubwa. Sehemu iliyobaki tunaijua kwa kalamu ya nahodha mwenyewe, na hilo halivumiliki.

Kamisheni hiyo, yenye ofisi Victoria, Ushelisheli, ipo kwa sababu jodari hana uraia. Leo yuko Kenya, baada ya majuma kadhaa yuko Somalia au katikati ya bahari isiyo ya nchi yoyote. Na ndani ya kamisheni ndipo vita vikubwa vinapopiganwa, juu ya vivutia samaki. Mvuvi wa Pemba anajua tangu utotoni kwamba samaki hujikusanya chini ya gogo linaloelea. Meli za nyavu za kuzungusha zimeigeuza elimu hiyo kuwa kiwanda: zinaachia majukwaa yaelee na mkondo, kila moja likiwa na boya linalopima wingi wa samaki chini yake na kutuma taarifa kwa setilaiti. Nahodha anachagua pa kwenda. Wavu ukifungwa, jodari milia wanapanda pamoja na watoto wa jodari mapezi njano ambao hawajawahi kutaga. Azimio la mwaka 2019 la kamisheni liliweka kikomo cha maboya 300 kwa meli moja kwa wakati mmoja.

Februari 2023, katika mkutano uliofanyika Mombasa, wanachama walipiga kura kupitisha siku 72 kila mwaka bila vivutia hivyo. Ushindi ulikuwa mkubwa kwa walioupigania. Lakini mkataba wa kamisheni unamruhusu mwanachama kuwasilisha pingamizi ndani ya siku 120 na asifungwe na uamuzi. Umoja wa Ulaya, ambao meli zake ni miongoni mwa zinazovua zaidi kwa njia hiyo, ulipinga. Wengine wakafuata, na azimio likapoteza nguvu. Kenya, mwenyeji wa mkutano, nayo ilikuwa miongoni mwa waliopinga, jambo ambalo wavuvi wake wadogo wana haki ya kuliulizia.

Kipo kilicho mikononi mwetu bila kusubiri kura ya mtu: bandari. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya jodari wa nyavu za kuzungusha imeshushwa Victoria, mbali na macho ya maofisa wetu. Mkataba wa hatua za bandari ulioanza kutumika 2016 unaipa nchi haki ya kukagua meli ya kigeni kabla haijashusha samaki, na hata kuikatalia kuingia. Tanzania nayo ilianza kujenga bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Mizani, maabara na wakaguzi wanaoweza kulinganisha kitabu cha nahodha na ramani ya setilaiti viwepo siku ya kwanza ya kazi, kabla ya majokofu ya wafanyabiashara kujaa.