Mnyama Akivaa Koti, Usidhani ni Hadithi ya Watoto

Jaribu hivi siku moja. Panda matatu, toa kitabu chenye picha ya paka aliyevaa koti refu na tai, uanze kusoma. Kabla ya kufika stage yako, jirani wa kiti atakuuliza, "Hiyo umebebea mtoto?" Ukimwambia ni yako, atakuangalia vile watu huangalia mtu mzima anayenyonya peremende ya kijiti.

Na ukimwambia ni komiki ya watu wazima, umejiharibia zaidi. Atadhani ni yale mambo ya kusoma ukiwa umefunga mlango. Basi tuelewane mapema. Hizo pia zipo. Fritz the Cat, filamu ya mwaka wa 1972 iliyotokana na paka wa mchoraji Robert Crumb, ndiyo katuni ya kwanza kupewa alama ya X kule Marekani. Lakini si hizo nakuletea leo. Nakuletea zile za vita, mauaji, ubaguzi na mapenzi magumu, ambapo kila mhusika ana mkia au masikio marefu, na bado unafunga kitabu ukiwa umenyamaza.

Kwanza, wanyama wanaoongea si wageni kwetu. Umekua na Sungura na Fisi. Sasa kumbuka zile hadithi vizuri: Fisi anaangamizwa na tamaa yake, Sungura anaponea chupuchupu kwa kuwachezea wenye nguvu. Nyanya hakuwa anafundisha sayansi ya wanyama. Watu wazima waliokuwa wameketi pale pale walijua ni nani kijijini alikuwa fisi. Na Mei 2013, wanaharakati walipoachilia nguruwe na kumwaga damu nje ya Bunge pale Nairobi kupinga wabunge waliotaka nyongeza ya mshahara, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mnyama ni lugha tunayoielewa haraka.

Swali ni nani anayemvalisha nani sura ya mnyama, na kwa nini. Hapo ndipo komiki hizi zinaingia.

Chukua Maus ya Art Spiegelman. Ni hadithi ya kweli ya baba yake, Vladek, Myahudi wa Poland aliyenusurika Auschwitz. Wayahudi wamechorwa kama panya, Wajerumani paka, Wapolandi nguruwe, Wamarekani mbwa. Kitabu cha kwanza kilitoka 1986, cha pili 1991, na mwaka wa 1992 kikapewa tuzo maalum ya Pulitzer. Gazeti la New York Times lilipokiweka kwenye orodha ya hadithi za kubuni, Spiegelman aliandika barua kulalamika, na kikahamishiwa upande wa vitabu vya ukweli. Fikiria hiyo: kitabu chenye panya wanaoongea, kikihesabiwa kuwa historia. Mimi chuo sikumaliza, lakini kurasa 296 za Maus zilinifunza kuhusu vita vile kuliko masomo yote ya historia niliyokalia.

Lakini mbona panya? Kwa sababu Wanazi walikuwa wameshawaita Wayahudi hivyo. Propaganda yao iliwaonyesha kama panya waletao magonjwa, wadudu wa kuangamizwa. Spiegelman alilichukua lile tusi, akalichora, halafu akaliweka mbele yako hadi likuaibishe. Unaanza ukiona panya. Baada ya kurasa kumi unaona mzee mgumu, bahili, anayebishana na mwanawe kuhusu vijiti vya kiberiti. Umesahau mkia.

Kisha anafanya jambo kali zaidi. Vladek anapotaka kupita barabarani kama Mpolandi, amechorwa akiwa na barakoa ya nguruwe iliyofungwa kichwani kwa kamba. Mkewe, Anja, anavaa barakoa hiyo hiyo, lakini mkia wake wa panya unaonekana nyuma, maana yeye ilikuwa vigumu zaidi kwake kujificha. Na kwenye kitabu cha pili, Spiegelman anajichora mezani akiwa binadamu kabisa, amevaa barakoa ya panya. Anakuambia wazi: hii sura si ngozi. Ni kitu watu walifungiwa usoni.

Hapo, rafiki yangu wa Nairobi, Mombasa au Eldoret, usijifanye hadithi hii ni ya Wazungu tu. Mwaka wa 1994 nchini Rwanda, redio iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, na watu wakachinjwa kama vile ni kazi ya kufagia nyumba. Sisi wenyewe tulikuwa na "madoadoa", neno lililotumika kuwatenga majirani wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ilipotoa orodha ya maneno ya chuki Aprili 2022, "madoadoa" lilikuwa ndani. Na "mende" pia. Kwa hivyo ukiona tusi la aina hiyo kwenye kundi lako la WhatsApp uchaguzi ukikaribia, jua ni barakoa inafungwa mtu. Ikishakaza, lolote anaweza kufanyiwa.

Kuna wanaosema Spiegelman mwenyewe aliteleza: je, kuchora taifa zima kama mnyama mmoja si kurudia kosa lile lile? Hoja ina uzito. Maus ilipochapishwa Poland mwaka wa 2001, kuna walioandamana na kuchoma kitabu kwa hasira ya kuitwa nguruwe. Aliyekitafsiri, Piotr Bikont, alivaa barakoa ya nguruwe akawapungia mkono kutoka dirishani. Mimi naona kitabu chenyewe kimejibu, maana wanyama wake wanashindwa kazi kila mara. Kuna mfungwa kambini anayesisitiza yeye ni Mjerumani, na mchoraji anamchora mara panya, mara paka. Hakuna anayejua. Huo ndio ujumbe.

Ukitaka kitu chenye mwendo wa filamu ya upelelezi, tafuta Blacksad. Ni kazi ya Wahispania wawili, mwandishi Juan Díaz Canales na mchoraji Juanjo Guarnido, iliyoanza kutoka Ufaransa mwaka wa 2000. Guarnido aliwahi kuchora katuni za Disney, na inaonekana: kila sura ya mnyama ina hisia kama ya mtu unayemjua. John Blacksad ni paka mweusi, mpelelezi wa kibinafsi Marekani ya miaka ya 1950. Kitabu cha pili, Arctic Nation, kinampeleka mtaani ambako wanyama weupe, dubu wa theluji na wenzake, wameunda kundi la kuwatesa wanyama weusi. Mtoto wa kike amepotea na polisi hawana haraka. Blacksad ni mweusi lakini ana doa jeupe mdomoni. Weupe wanamwona mweusi, na kundi la weusi linamkejeli kwa lile doa. Kama umewahi kuambiwa huna msimamo kwa sababu baba ni wa huku na mama ni wa kule, hicho kitabu kitakugusa mahali.

Halafu kuna Beastars ya Paru Itagaki, manga ya Kijapani iliyotoka 2016 hadi 2020 na kugeuzwa anime iliyo kwenye Netflix. Shuleni Cherryton, wala nyama na wala majani wanasoma pamoja na kula kantini moja. Usiku mmoja, mwanafunzi aitwaye Tem, alpaka, anauawa na kuliwa. Kuanzia hapo kila mla nyama ni mshukiwa. Legoshi ni mbwamwitu mrefu, mpole, mwenye kuinamisha mabega ili asiogopeshe watu. Anampenda Haru, sungura mdogo, na hajui kama anachohisi ni mapenzi au njaa. Usicheke. Mwanamume yeyote anayetembea nyuma ya mwanamke gizani akajiuliza avuke barabara ili asimtie hofu, anamwelewa Legoshi. Na mwanamke yeyote aliyeshika funguo mkononi akielekea nyumbani anamwelewa Haru.

Ajabu ni kwamba Itagaki mwenyewe hujitokeza hadharani amevaa kichwa cha kuku. Barakoa tena.

Mnyama kwenye komiki hizi hafanyi hadithi iwe nyepesi. Anakufanya uweze kuangalia. Picha za maiti za kweli tunazipita kwa kidole kwenye simu, tumezoea. Panya aliyevaa sare ya mistari hatujamzoea, kwa hivyo tunasimama. Januari 2022, bodi moja ya shule Tennessee, Marekani, iliiondoa Maus kwenye masomo ya darasa la nane kwa sababu ya matusi machache na picha moja ya uchi. Ikawa tangazo la bure: watu wakakimbilia kuinunua hadi ikapanda kileleni kwenye mauzo ya Amazon.

Kama unaanza leo, anza na Maus, kisha Blacksad, halafu Beastars wikendi ikiwa na bundles. Kagua pia wauza vitabu vya mitumba mjini, huwezi jua kilicho chini ya rundo. Na kama wewe ni mchoraji, una kalamu na hasira, Kenya hii imejaa hadithi za kuchora hivi: kaunti, plot, chama, matatu, mazishi. Nakupa sharti moja tu. Kabla hujaamua kabila gani ni fisi na lipi ni sungura, jichore wewe kwanza. Chagua mnyama wako, na uonyeshe ile kamba iliyofungwa nyuma ya kichwa.