SHINA NA MAJANI
Namna ya kuandika vipimo vya watoto ili hata mmoja asisahauliwe

Ndugu msomaji, mtu akiwa na mbuzi 20, naye akikuambia, "Mbuzi wangu ni wazima," je, hutamwuliza, "Wote?" Uzima wa mbuzi 18 hauwaponyi wale wawili waliolala chini. Ni vivyo hivyo kwa watoto wa kijiji. Leo tutajifunza namna ya kuandika vipimo vyao ili tuone wote pamoja, na tuone kila mmoja pia. Mwalimu wa hesabu wa Marekani, John Tukey, aliieneza namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1977. Haitaki mashine. Inataka karatasi, kalamu na uvumilivu.

Kwanza, kipimo chenyewe

Mnaujua utepe wa kupima mkono, wenye rangi nyekundu, manjano na kijani. Ni kwa watoto wa miezi 6 mpaka 59. Tunauzungusha katika mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Usiukaze sana, wala usiulegeze. Kipimo kikiwa chini ya milimita 115, huo ni utapiamlo mkali, na maisha ya mtoto yako hatarini. Kikiwa 115 mpaka 124, ni utapiamlo wa kadiri. Kikiwa 125 au zaidi, mkono wake ni mzuri.

Mfano

Tuseme mmepima watoto 20, mkapata milimita hizi:

142, 136, 128, 151, 133, 112, 139, 145, 124, 137, 130, 148, 119, 141, 135, 126, 153, 138, 109, 134.

Mtu mmoja atajumlisha yote, apate 2680. Atagawanya kwa 20, apate 134. Atasema, "134 ni kijani. Watoto wetu wanakula vizuri." Hesabu yake ni ya kweli, lakini neno lake linaweza kumwua mtoto. Kwa nini? Kwa sababu mikono minene imeifunika mikono myembamba.

Namna ya kuandika

Fikiri mti wa muhogo: shina ni moja, majani ni mengi. Katika kila kipimo, tarakimu ya mwisho ni jani. Tarakimu zinazoitangulia ni shina. Katika 142, shina ni 14, jani ni 2.

1. Tafuta kipimo kidogo kupita vyote, na kikubwa kupita vyote. Hapa ni 109 na 153.
2. Andika mashina kutoka juu kwenda chini, 10 mpaka 15. Piga mstari kando yao. Usiruke shina lolote, hata likiwa halina jani.
3. Soma vipimo kimoja kimoja. Kila jani uliandike mbele ya shina lake. Sifuri ni jani pia: 130 ni shina 13, jani 0. Watoto wawili wakiwa na kipimo kimoja, andika jani mara mbili.
4. Andika tena kwa usafi, majani yakipangwa kutoka dogo mpaka kubwa, yenye nafasi sawasawa.
5. Hesabu majani. Watoto ni 20, basi majani yawe 20.

Utapata hivi:

10 | 9
11 | 2 9
12 | 4 6 8
13 | 0 3 4 5 6 7 8 9
14 | 1 2 5 8
15 | 1 3

Chini yake andika maana yake: 10 | 9 ni milimita 109.

Namna ya kusoma

Tazama kwanza mstari mrefu. Ni shina 13, lenye majani 8. Hapo ndipo watoto wengi walipo. Sasa hesabu majani kutoka juu mpaka ufike katikati: la 10 ni 135, la 11 ni 136. Nusu ya watoto wako chini ya hapo, nusu wako juu.

Kisha tazama mashina ya juu, maana hapo ndipo kazi yetu ilipo. 109 na 112 wako chini ya 115: hao wawili wapelekwe hospitali leo, wasingoje kesho. 119 na 124 wako katika manjano: waanzishiwe chakula cha kuwasaidia na wapimwe tena. Watoto 4 kati ya 20 wanahitaji msaada, na ile 134 haikutuambia habari ya hata mmoja wao.

Mambo ya kuangalia

Jani haliandikwi jina. Kwa hiyo shika daftari yenye jina la kila mtoto, la mama yake, na kipimo chake. Ukiona 109 katika mchoro, fungua daftari, uende mpaka mlangoni pao.

Jani likiwa peke yake mbali sana na mengine, mpime mtoto huyo tena kabla ya kusema neno. Labda utepe ulikazwa, au tarakimu iliandikwa vibaya.

Utepe hauoni yote. Bonyeza miguu yote miwili ya mtoto kwa kidole gumba, uhesabu polepole mpaka tatu. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, mpeleke hospitali, hata kama utepe unaonyesha kijani. Uvimbe huo ni dalili ya kwashiorkor.

Mwezi unaofuata wapimeni watoto tena, mwandike mchoro mpya kando ya ule wa zamani. Majani yakihama kutoka mashina 10 na 11 kwenda 12 na 13, msaada unafanya kazi. Yakizidi juu, tafuteni sababu upesi: njaa, kuhara, malaria, au mama aliye mgonjwa.

Ndugu, mtu akikuambia kwamba watoto wa kijiji ni wazima, mwombe karatasi ya shina na majani, uanze kusoma kutoka juu.