Mnunuzi wa Gari Kuukuu na Atazame Nyuma

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Oktoba, minada ya korosho huanza, na wakulima wa vyama vya MAMCU na TANECU hulipwa fedha za jasho lao. Ndio wakati ambapo Masasi na Newala hupatikana wanunuzi wengi wa magari yaliyokwisha tumika. Mkulima, mwalimu na karani hutafuta gari dogo lenye mlango wa nyuma, kama vile Toyota Vitz au IST, lililotoka Japani kisha likatumika miaka kadhaa hapa nchini. Hatuoni ubaya katika jambo hilo. Linalotusikitisha ni kwamba mapato ya msimu mzima hutolewa kwa ajili ya rangi inayong'aa na injini inayonguruma vizuri, wala hapana aliyeinama kutazama nyuma ya gari.

Na nyuma ndiko kwenye taabu. Vitz za toleo la kwanza ziliundwa kati ya mwaka 1999 na 2005, nazo IST za kwanza kati ya 2002 na 2007. Si magari machanga tena. Aidha yaliundwa kwa barabara za lami na abiria wachache, lakini kwetu hupakiwa magunia na madumu ya maji. Njia ya kutoka Mtwara kupita Tandahimba na Newala hadi Masasi, yenye kilomita 210, kwa miaka mingi ilikuwa karibu yote mchanga na vumbi. Gari lililofanya kazi katika njia za namna hiyo haliwezi kukosa alama zake.

Yafaa kwanza kufahamu mambo yalivyo. Mengi ya magari haya yana ekseli moja ya chuma inayounganisha magurudumu ya nyuma, nayo imefungwa kwenye bodi kwa bushi za mpira. Springi hubeba uzito, na shokapu huzuia springi isiendelee kurukaruka. Shokapu zikifa, tairi huruka badala ya kushika ardhi, na breki hukosa nguvu. Katika mteremko wa kushuka kutoka uwanda wa Newala kwenda Masasi, kasoro hiyo yaweza kutoa roho za watu.

Basi mnunuzi na afanye hivi. Kwanza, gari lisimame mahali tambarare bila mzigo, naye alitazame kwa nyuma. Upande mmoja ukiwa chini kuliko wa pili, huenda springi imechoka au imekatika. Pili, akandamize kona ya nyuma kwa nguvu na kuiachia. Ikipanda na kutulia mara moja, ni dalili njema. Ikiendelea kuyumba, shokapu imekwisha. Aangalie pia kama shokapu imelowa mafuta. Tatu, apitishe kiganja juu ya tairi. Mabonde mabonde huonyesha shokapu mbovu, na tairi iliyolika upande wa ndani yaweza kumaanisha ekseli iliyopinda. Nne, fundi atazame bushi kama zimepasuka, kisha ainue gurudumu na kulitikisa juu na chini ajue hali ya beringi. Asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Mwisho, gari liendeshwe likiwa na watu wawili nyuma, lipite juu ya matuta na barabara mbovu. Mlio wa kugonga usipuuzwe. Mtu mmoja asimame nyuma gari likienda moja kwa moja: likitembea upande kama kaa, ni heri kuliacha.

Si kila kasoro ya kukimbiwa. Shokapu na bushi hubadilishwa, na shokapu hubadilishwa mbili pamoja. Gharama yake ipunguzwe katika bei. Ekseli iliyopinda ni neno jingine, kwa maana katika magari haya haina mahali pa kurekebishia.

Fundi na awe wa mnunuzi, si wa muuzaji. Muuzaji akikataa gari lisikaguliwe wala kujaribiwa, jibu amekwisha litoa mwenyewe. Ukaguzi huu wote hauzidi saa moja, na korosho zilizolipa gari hilo zililimwa mwaka mzima. Mbuzi kwenye gunia asinunuliwe.