Uhai wa Ghorofa Uko Kwenye Ringi

Januari 12, 2010 tetemeko la kipimo cha 7.0 liliipiga Haiti na kuua watu zaidi ya laki moja. Wiki chache baadaye, Februari 27, Chile ilitikiswa na tetemeko la 8.8, lenye nishati kubwa takriban mara 500 kuliko la Haiti, nalo likaua watu wapatao 525, wakiwamo waliosombwa na tsunami. Ni kweli kwamba la Haiti lilitokea karibu na Port-au-Prince, tena si kwenye kina kirefu, ilhali la Chile lilianzia baharini. Hata hivyo, umbali peke yake hauelezi tofauti kubwa kiasi hicho. Chile, iliyopata tetemeko la 9.5 mwaka 1960, ilikuwa na kanuni za ujenzi zinazosimamiwa. Haiti haikuwa nazo.

Katika tetemeko kubwa mhandisi haahidi jengo lisilopata ufa. Huchagua mapema mahali litakapoumia. Wahandisi Robert Park na Thomas Paulay wa New Zealand walisisitiza kwamba nguzo iwe na nguvu kuliko boriti. Boriti ikizidiwa, nondo zake hunyumbuka na kumeza mtikisiko, watu wakapata nafasi ya kutoka. Nguzo ikivunjika, sakafu zote hushuka pamoja. Nguzo nayo hutegemea ringi, yaani vyuma vinavyozungushwa kwenye nondo za wima, ambazo hulikaza zege kama kamba inavyokaza mzigo wa kuni. Zinatakiwa zisongamane kwenye ncha za nguzo, na mikia yake ikunjwe nyuzi 135 iingie katikati ya zege. Mkia uliokunjwa nyuzi 90 hufunguka zege la nje linapobanduka. Nondo za wima hupinda, na nguzo husagika.

Wapo wanaosema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Lakini ringi ni sehemu ndogo ya gharama ya ghorofa, na kukunja mkia sawasawa kunahitaji dakika za fundi tu. Wengine wanaona matetemeko hayatuhusu, ingawa la Kagera la Septemba 10, 2016, la 5.9 tu, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi. Nakubali kwamba kanuni pekee hazitoshi: huko Chile kwenyewe jengo la Alto Río la ghorofa 15, mjini Concepción, lilianguka katika tetemeko hilo la 2010 na kuua watu 8. Ndiyo maana ukaguzi ni wa lazima. Unayejenga Bukoba, Goma au Bujumbura, mwite mhandisi azikague ringi kabla zege halijamwagwa, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayeziona.