Kromosomu ya Ziada na Lugha ya Kuitaja

Takriban kila seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46. Hizi ni nyuzi ndogo mno zibebazo jeni, yaani maagizo ya urithi. Hupangwa katika jozi 23. Katika kila jozi, moja hutoka kwa mama na nyingine kwa baba. Idadi hii ilibainishwa mwaka wa 1956 na Joe Hin Tjio na Albert Levan nchini Uswidi. Awali, wataalamu waliamini kuwa ni 48.

Yai au mbegu ya kiume inapoundwa, kila jozi hutengana. Jozi moja isipotengana, mimba huweza kutungwa ikiwa na kromosomu tatu mahali pa mbili. Aghalabu mimba kama hizo huharibika mapema. Zipo hata hivyo zinazofikia kuzaliwa: kromosomu ya 21 ikizidi, mtoto huwa na sindromu ya Down, ya 18 ikizidi, huwa na sindromu ya Edwards. Upungufu nao una athari zake. Mwanamke mwenye kromosomu moja tu kamili ya X ana sindromu ya Turner.

Mtoto mwenye sindromu ya Down huwa na misuli milegevu, huchelewa kutembea na kusema, na takriban nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro za moyo. Uwezekano wa kumpata huongezeka kadiri umri wa mama unavyosonga, hasa baada ya miaka 35, ingawa hata mama kijana huweza kumzaa. Hali hii si laana, si uchawi, wala haitokani na kosa alilotenda mama akiwa mjamzito.

Lugha, hata hivyo, imewahi kupotosha ukweli huu. Mwaka wa 1866, daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza hali hii kwa kuwafananisha wahusika na watu wa Mongolia, na jina la "Wamongoli" likaenea. Mwaka wa 1959, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walichapisha nchini Ufaransa ushahidi wa kromosomu ya ziada. Ikawa bayana kwamba mbari haihusiki kamwe. Mwaka wa 1965, Shirika la Afya Duniani liliacha kulitumia jina hilo kufuatia ombi la Mongolia.

Kiswahili nacho kina mzigo wake. Maneno "taahira", "punguani" na "zuzu" humfunika mtu kwa hali yake, na mara nyingi hutumiwa kama matusi. Kinyume chake, "mtu mwenye sindromu ya Down" hutanguliza utu, kisha hutaja hali. Hivyo basi, wanaleksikografia wana wajibu wa kuonyesha kamusini kwamba maneno hayo ni ya dharau, nao walimu na waandishi wayaepuke. Mzazi aambiwaye kuwa amezaa "zuzu" huenda akamficha mtoto nyumbani. Aelezwaye habari za kromosomu atajua kwamba mwanawe anahitaji kupimwa moyo, kufunzwa na kupendwa.